Tufani Ikipiga, Nani Hulipa?

Wanachama wetu hawahitaji kuhadithiwa tufani: ile ya mwaka 1872 iliilaza mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika. Natutazame basi Wamarekani hugawanaje mzigo wa namna hiyo.

Huko kila jimbo lina serikali yake, na juu ya majimbo yote iko serikali kuu. Maafa yakilishinda jimbo, gavana humwomba Rais msaada. Rais akikubali, Sheria ya Stafford ya mwaka 1988 yaitaka serikali kuu itoe si chini ya senti 75 katika kila dola ya kutengeneza barabara, madaraja na majengo ya umma. Zilizobaki hutoka jimboni na kwa wenyeji. Fungu hilo ni la mali ya umma. Halirudishi mti wa mtu.

Lakini hata robo yaweza kumlemea aliyekwisha anguka. Baada ya tufani Katrina ya mwaka 2005, Louisiana ilielemewa, na mwaka 2007 Bunge la Marekani likaiondolea fungu lake.

Sisi twaona mafunzo mawili: mapatano yaandikwe kabla ya upepo kuvuma, na kila mshirika awe na chake kidogo kando. Akiba haiozi.