Nyota za mbali kupita zote, na deni letu kwa mtoto mmoja



Mwezi huu zamu ya ukurasa wa sayansi imetufikia sisi wafinalisti. Tungeweza kuandika juu ya asidi na chumvi, mambo tunayoyasoma usiku na mchana kwa ajili ya egzamini ya Serikali. Lakini kuna deni ambalo tunapaswa kulipa kwanza.

Usiku mmoja umeme ulikatika, na sisi wote wa interna tukatoka kukaa nje. Mwezi haukuwako, nyota zilijaa juu ya ziwa. Mwanafunzi mmoja wa madarasa ya chini akasema: "Zile nyota munaona pale, zingine zilisha kufa zamani." Tulicheka sana. Mmoja wetu akamwuliza: "Wee! Nyota inakufaka sawa mbuzi?" Yeye akajibu: "Yaya, nilisoma ile mu kitabu." Tulimwambia anyamaze, akaendelea kubisha. Basi tukaandika jina lake katika daftari ya nidhamu, kosa: makelele na kubishana na wakubwa. Asubuhi alifagia chumba cha kulia peke yake.

Kesho yake tulimwendea mwalimu wetu wa fizike ili athibitishe kwamba sisi ndio tulisema kweli. Hakutujibu ndiyo wala hapana. Alisema tu: "Tafuteni kwanza habari za nyota ya mbali kupita zote, halafu mutarudi." Tumetafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

1. MWANGA NAO NI MSAFIRI

Wengi wetu tunafikiri kwamba mwanga unafika papo hapo. Si hivyo. Mwanga unatembea kilometa 300.000 kwa sekunde moja. Ni mbio kubwa, lakini ni mbio yenye kipimo. Kutoka Mwezini mpaka kwetu mwanga unatumia sekunde moja na kidogo. Kutoka Juani, dakika 8 na sekunde 20 hivi. Kutoka Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kupita zote nyuma ya Jua, unatumia zaidi ya miaka 4. Njia ambayo mwanga unaenda kwa mwaka mmoja, wataalamu wanaiita mwaka wa mwanga.

Wazee wetu wanatuambia kwamba zamani barua kutoka kijijini ilikuwa inakaa njiani wiki nyingi. Ukiifungua na kusoma "nyanya yako ni mzima," ulijua kwamba alikuwa mzima siku ile barua iliandikwa. Kama leo ni mzima ao hapana, barua haisemi. Mwanga wa nyota ni barua ya namna ile. Haidanganyi, lakini ni ya tarehe yake.

2. JUU YA NINI NI VIGUMU KUONA NYOTA MOJA?

Usiku tukisimama kilimani, tunaona taa za wavuvi wa ndagala. Mtumbwi wa karibu, unaona taa yake peke yake. Mitumbwi ya mbali sana, taa zake zinachanganyika na kuwa kama ukungu mmoja wa mwanga. Ni vile vile na nyota. Nyota zote moja moja tunazoziona kwa macho bila chombo ni za galaksi yetu, tena ni za karibu. Galaksi zingine zina nyota miliari nyingi, lakini kwetu zinaonekana kama wingu dogo.

Mwaka 1923, Edwin Hubble, kwa teleskopi ya Mount Wilson huko Marekani, alitambua nyota moja katika Andromeda, nyota ambayo mwanga wake unapanda na kushuka kwa kipimo. Kwa njia yake alionyesha kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, nje ya hii yetu. Leo inajulikana kwamba iko mbali miaka ya mwanga milioni 2,5 hivi. Lakini kuona nyota moja katika galaksi iliyo mbali miliari za miaka ya mwanga, hakuna kioo ambacho mtu ametengeneza kinachotosha peke yake. (Tunasema nyota nzima. Nyota ikipasuka inaweza kuangaza kama galaksi yote, na hiyo inaonekana mbali sana.)

3. LUPE AMBAYO HAKUNA MTU ALIYEITENGENEZA

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye siri. Mwaka 1915 Albert Einstein alifundisha kwamba kitu kizito kinapinda nafasi inayokizunguka, na mwanga unaopita karibu nacho unapinda njia yake. Jambo hilo lilipimwa tarehe 29 Mei 1919, wakati Jua lilipofunikwa na Mwezi. Waingereza walipiga picha za nyota zilizoonekana kandokando ya Jua: kikundi kimoja kilikuwa Sobral, Brazil, na kingine, pamoja na Arthur Eddington, kisiwani Príncipe, karibu na pwani ya Afrika. Nyota zilionekana zimesogea kidogo, kama Einstein alivyosema. Tena kivuli cha siku ile kilipita juu ya Kongo yetu pia. Kwa hiyo jambo hili si la nchi za mbali tu.

Kama kitu kizito kinapinda mwanga, basi kinaweza kuukusanya, sawa na lupe ile ya labo ya biolojia. Mwaka 1936 Einstein mwenyewe aliandika kwamba nyota moja inaweza kuwa lupe ya nyota nyingine, lakini hakutumaini kwamba watu wataliona jambo hilo. Mwaka 1937 Fritz Zwicky akasema: tusitazame nyota, tutazame galaksi, maana ni nzito zaidi. Alisema kweli. Mwaka 1979 lupe ya kwanza ya namna hii ikapatikana.

Lupe kubwa kabisa ni makundi ya galaksi, mamia ya galaksi pamoja. Lakini haziongezi sawasawa kila mahali. Wakati wa jua kali, tazama chini ya beseni ya maji safi. Utaona mistari myembamba inayong'aa kupita sehemu zingine, kwa sababu maji yamekusanya mwanga pale. Makundi ya galaksi nayo yana mistari ya namna hiyo. Kama nyota ya nyuma iko karibu kabisa na mstari, mwanga wake unaongezwa mara elfu nzima.

4. IKARO

Mwezi wa Novemba 2014, Patrick Kelly na wenzake, kwa teleskopi Hubble inayozunguka Dunia, waliona nyota iliyopasuka nyuma ya kundi moja la galaksi. Lupe iliionyesha mara nne! Waliiita Refsdal, kwa heshima ya mtaalamu wa Norway. Wakaendelea kuchunga mahali pale, na mwaka 2016 wakaona kitone kingine kinachoongezeka mwanga. Hicho hakikuwa cha nyota inayopasuka, maana joto lake halikubadilika. Ilikuwa nyota moja nzima, kubwa, ya rangi ya samawati.

Waliitangaza mwaka 2018 na kuipa jina Icarus, yaani Ikaro. Mwanga wake umesafiri miaka miliari 9. Uliongezwa zaidi ya mara 2.000, kwa sababu nyota moja ndani ya lile kundi ilipita mbele yake na kuwa lupe ndogo ndani ya lupe kubwa.

5. EARENDEL

Tarehe 30 Machi 2022 habari kubwa zaidi ilitoka. Brian Welch na wenzake walionyesha kitone kimoja ndani ya galaksi iliyovutwa na lupe mpaka ikawa kama upinde mrefu. Walikipa jina Earendel, neno la Kiingereza cha zamani sana ambalo maana yake ni nyota ya asubuhi. Mwanga wake ulisafiri miaka miliari 12,9. Ulitoka wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka milioni 900 tu hivi.

Wanajuaje? Kwa rangi. Ulimwengu unatanuka, na mwanga ulio njiani unavutwa kama mpira, unageuka kuelekea wekundu. Mwanga wa Earendel umevutwa zaidi ya mara 7. Kwa sababu ya kule kutanuka, mahali ulipotoka sasa ni mbali kwetu miaka ya mwanga miliari 28 hivi. Musishangae hesabu mbili: ya kwanza ni muda wa safari, ya pili ni umbali wa leo.

Halafu teleskopi James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Kourou, Guyane ya Ufaransa, ikaitazama pia. Kioo chake kina upana wa metre 6,5. Ilionyesha kitu chenye joto zaidi ya mara mbili ya lile la Jua, na mwanga kama wa majua milioni moja. Inawezekana kwamba ina mwenzake wa baridi kidogo. Lakini tuseme kweli yote: mwaka 2025 wataalamu wengine waliandika kwamba Earendel inaweza kuwa si nyota moja bali kundi dogo la nyota. Mabishano hayajaisha. Mwaka ule ule wa 2025 ikatangazwa kwamba Webb iliona nyota zaidi ya 40, moja moja, katika galaksi moja tu nyuma ya kundi linaloitwa Abell 370. Mwanga wao ulitoka wakati ulimwengu ulikuwa nusu ya umri wake wa leo.

6. BASI, NANI ALISEMA KWELI?

Nyota ni moto wenye akiba. Jua letu lina akiba ya miaka miliari 10 hivi, na limekwisha kutumia karibu nusu. Lakini nyota kubwa inakula akiba yake upesi, kama tajiri mpotevu. Nyota yenye uzito wa majua 50, kama Earendel ilivyokadiriwa, inaishi miaka milioni chache tu. Mwanga wake ulitoka miaka miliari 12,9 iliyopita. Dunia yetu ina miaka miliari 4,5. Maana yake, nyota ile ilikufa kabla ya Dunia kuwako, na barua yake bado tunaipokea. Ikaro vilevile.

Kwa hiyo mtoto alisema kweli: mtu anaweza kuona nyota iliyokwisha kufa. Alikosa kidogo tu juu ya zile tulizoziona usiku ule. Hizo ni za karibu, nyingi mwanga wao umetumia miaka makumi, mamia, ao elfu chache, na kwa maisha ya nyota huo ni muda mdogo. Karibu zote zingali hai. Sisi tulikosa zaidi. Yeye alikuwa amesoma kitabu, sisi tulikuwa na daftari ya nidhamu tu.

Tulirudi kwa mwalimu na kumweleza yote. Alituuliza neno moja: "Na jina lake mumelifuta?"

Tumelifuta. Na Jumamosi ijayo chumba cha kulia kitafagiliwa na wafinalisti wanne waliocheka kwa sauti kubwa, pamoja na mwandishi wa ukurasa huu. Wewe mdogo wetu, unajijua. Utusamehe. Umeme ukikatika tena, njoo ukae karibu nasi, utuambie mengine uliyoyasoma. Safari hii tutauliza kwanza, halafu ndipo tutacheka kama kuna cha kucheka.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la wafinalisti wote