Kisu cha Chaza

Bamvua ikifika, maji ya Msimbati hupwa mbali, na wanawake hushuka na ndoo na vipande vya chuma kuchokoa kombe na chaza. Kusini kidogo, Mto Ruvuma unamwaga tope lake baharini baada ya safari ya takriban kilomita 800, sehemu kubwa ikiwa ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mikoko imesimama ndani ya tope hilo. Tangu mwaka 2000 eneo hili limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Tope la mikokoni ni shamba la bakteria. Majani yanaanguka, yanaoza, na maji yanayojaa na kupwa kila siku huchukua uozo huo na kuutawanya. Katikati ya yote hayo amekaa chaza, kang'ang'ania mwamba au mzizi wa mkoko. Hana meno wala makucha. Hufunua kombe lake, huvuta maji, huchuja chembe na kumeza, na miongoni mwa chembe hizo bakteria wamo tele. Kuwameza ni rahisi. Kuwasaga ndiyo kazi.

Bakteria huvaa ukuta. Umefumwa mithili ya jarife: nyuzi ndefu za sukari za aina mbili zinazopokezana, zikafungwa pamoja kwa vipande vifupi vya protini. Ndani ya seli shinikizo ni kubwa, maji ya nje yanasukuma yaingie, na bila jarife hilo seli hupasuka kama puto. Chaza anacho kimeng'enya kinachokata uzi pale sukari moja inapoungana na nyingine. Jina lake ni lisozimi. Uzi ukikatwa hapa na pale, jarife hulegea, na bakteria anapasuliwa na maji yaleyale anamoishi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kisu hiki kina kazi mbili. Watafiti waliomchunguza chaza wa pwani ya mashariki ya Marekani, ambaye ni wa ukoo mmoja na chaza wa huku, walimkuta na lisozimi za namna tofauti: moja inaelekea zaidi kwenye ulinzi wa mwili, nyingine kwenye uyeyushaji wa chakula. Adui na kitoweo ni walewale.

Binadamu alikitambua kisu hiki kwa sababu ya mafua. Mwaka 1921, katika hospitali ya St Mary's jijini London, daktari Alexander Fleming alitia kamasi yake kwenye kisahani chenye bakteria. Palipogusa kamasi, bakteria wakayeyuka. Akajaribu machozi, na ili kuyapata akajikamulia ganda la limau machoni, yeye na wenzake wa maabara. Machozi nayo yakayeyusha. Ute wa yai la kuku ukawa na nguvu zaidi. Alichapisha habari hizo mwaka 1922, miaka 6 kabla ya kukutana na penisilini. Penisilini ilimpa umaarufu wote, ingawa dawa hizi mbili za asili zinashambulia ukuta uleule: penisilini humzuia bakteria asijenge, lisozimi hubomoa kilichokwisha kujengwa. Mwaka 1965, David Phillips na wenzake walichora umbo kamili la lisozimi ya yai la kuku kwa kutumia eksirei. Hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza duniani kuonekana umbo lake kwa njia hiyo.

Kumbe hata mbuzi anayecheua kando ya njia ya Mikindani anakitumia. Majani anayokula huchachushwa na bakteria katika tumbo la kwanza, kisha bakteria hao hushuka hadi tumbo la mwisho, na huko lisozimi huwapasua wakawa chakula chake. Mbega, kima anayekula majani, alifikia mbinu hiyohiyo kwa njia yake, bila undugu wowote wa karibu na mbuzi.

Na mama anayenyonyesha? Dang'a husifiwa, na inastahili sifa. Lakini lisozimi ya maziwa ya mama haiishii siku hizo za mwanzo. Kiwango chake huongezeka kadiri miezi ya kunyonyesha inavyosonga, wakati mtoto anaanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Maziwa ya ng'ombe yana lisozimi hafifu mno, pungufu kwa maelfu ya mara.

Wapo pia wanaokata ukuta kutokea ndani. Mililita moja ya maji ya bahari inaweza kubeba virusi milioni 10, wengi wao wakiwa ni wale wanaoshambulia bakteria tu. Kirusi wa namna hiyo huzaliana ndani ya bakteria, kisha hutengeneza kimeng'enya cha kubomoa ukuta ili watoto wake watoke. Mwaka 2001, Vincent Fischetti na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba kimeng'enya kama hicho, kikitiwa kutoka nje, huua mamilioni ya bakteria wa koo kwa sekunde chache. Katika zama ambazo bakteria wanazoea dawa za hospitali, matokeo hayo yana uzito mkubwa.

Kisu hiki hakikati kila kitu. Bakteria wa kipindupindu, kwa mfano, amejifunika utando mwingine nje ya ukuta wake, na lisozimi haipenyi kirahisi. Bakteria huyo na jamaa zake wanaishi kwa raha katika maji ya mchanganyiko wa chumvi na mto, na chaza anayechuja maji hayo mchana kutwa anaweza kuwakusanya mwilini akiwa hai na mzima kabisa. Kumla mbichi kwa kumkamulia ndimu ni hatari. Ndoo zikirudi kijijini, sufuria hubandikwa kwanza. Maji yatokote, makombe yafunuke, nyama iendelee kuchemka hadi ikaze. Nazi na pilipili vitafuata.