Kuosha Magari Bila Maji: Njia ya Kuwaondoa Waoshaji Mtoni

Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hukatiza Hifadhi ya Serengeti, hupita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti, na kuishia Ziwa Victoria. Gari linapooshwa ukingoni, sabuni, oili na grisi huingia katika maji yanayonywewa na watu na mifugo wa vijiji vya chini. Ndiyo maana kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli zinazoweza kuathiri hifadhi yake.

Hata hivyo, katazo peke yake halimpi kijana riziki. Mbadala mmojawapo ni dawa maalumu ya kupuliza. Dawa hiyo hulainisha vumbi na kulizingira kwa utelezi, ili kitambaa kilinyanyue bila kukwaruza rangi. Mwoshaji hupuliza sehemu ndogo, husubiri kidogo, hufuta kwa kitambaa laini akielekea upande mmoja, hukigeuza kila kinapochafuka, kisha hung'arisha kwa kitambaa kikavu. Kufuta kwa kuzungusha ndiko huacha michirizi, na mteja huiona juani.

Tofauti ya maji ni kubwa. Mpira unaotoa lita 12 kwa dakika, ukiachwa wazi dakika 10, humaliza lita 120, yaani ndoo sita za lita 20. Dawa inayotosha gari dogo kwa kawaida haizidi nusu lita. Aidha, mwoshaji hahitaji bomba wala mfereji, hivyo anaweza kumfuata mteja ofisini au hotelini, Mugumu au Tarime mjini.

Njia hii ina mipaka yake. Gari la watalii lililorudi kutoka mbugani na tope kavu, au bodaboda iliyopita mashambani wakati wa masika, lisifutwe hivyo. Mchanga utakwaruza rangi. Hapo ndoo moja itangulie kuondoa tope, mbali na mto. Dawa nayo ni ghali kuliko sabuni ya unga, kwa hiyo ni busara kuanza na chupa moja na wateja wenye magari ya vumbi jepesi.

Vitambaa vichafu navyo huhitaji kufuliwa. Maji yake yamwagwe katika shimo lililochimbwa mbali na kisima na kijito. Anayetaka kuhamisha kituo chake kutoka ukingoni aanzie ofisi ya mtendaji wa kata.