Mto Katonga: mto mmoja, maji pande mbili

Kila mkulima anajua kwamba maji hufuata mteremko. Lakini mteremko wenyewe umewekwa na miamba iliyo chini, na miamba hiyo husogea, ingawa polepole mno. Mto Katonga, kusini mwa Uganda, unatuonyesha jambo hilo.

Mto huu una midomo miwili. Upande wa mashariki unamwaga maji Ziwa Viktoria, upande wa magharibi Ziwa George. Katikati kuna kinamasi cha mafunjo ambako maji ni kama yamesimama, na hapo ndipo yanapoachana.

Zamani haikuwa hivyo. Katonga, pamoja na Kagera na Kafu, ilitiririka kwenda magharibi, kuelekea bonde la mto Kongo. Kisha Bonde la Ufa la Magharibi likaanza kufunguka. Ardhi ya ndani ya ufa ikadidimia, na ukingo wake wa mashariki ukainuka taratibu hadi ukaziba njia ya mito hiyo. Maji yakageuka, yakatanda kwenye uwanda wa chini uliokuwa nyuma yake, na Ziwa Viktoria likazaliwa. Ndiyo maana ziwa hili ni pana sana lakini kina chake ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika, lililo ndani ya ufa wenyewe, linapita mita 1,400. Ziwa Kyoga nalo ni mabonde ya mito yaliyofurika. Litazame kwenye ramani ya simu yako: lina matawi kama mti.

Dalili tunayoipenda zaidi ni vijito. Kwa kawaida kijito huingia mtoni kikiwa kimeelekea kule mto unakokwenda. Sehemu ya mashariki ya Katonga, na ya Kafu pia, vijito vingi bado vimeelekea magharibi, kinyume cha maji ya leo.

Kwa kuwa ardhi iliinama kidogo tu, bonde la Katonga halina mteremko wa maana. Mvua ikizidi, maji hayana pa kukimbilia upesi; mafunjo ndiyo huyashika na kuyaachia kidogo kidogo. Mei 2023 mafuriko yalikata barabara kuu ya Kampala–Masaka kwenye daraja la Katonga. Anayefyeka kinamasi kama hicho apande mpunga, au achimbe mchanga, anaondoa breki pekee iliyopo.

Na yale maji yaliyoachana kinamasini? Hukutana tena Ziwa Albert: ya magharibi hupitia Ziwa Edward na mto Semliki, ya mashariki huzunguka kupitia Jinja na Kyoga.