Oida (οἶδα): kitenzi cha kujua chenye umbo la kuona

Oida (οἶδα), kitenzi cha Kigiriki cha Kale. Maana: najua, nafahamu. Kitenzi-jina: *eidenai* (εἰδέναι), kujua.

Asili na umbo

Kwa maana, kitenzi hiki ni cha wakati uliopo. Kwa umbo, ni cha hali timilifu. Mzizi wake wa kale ni *\*weid-*, "kuona", uliozaa pia *eidon*, "niliona", na *video* ya Kilatini, "naona". Kwa asili, basi, asemaye *oida* husema "nimeona". Na kwa kuwa ameona, anajua. Shina lake hubadilika katika wingi: *oida*, "najua", lakini *ismen*, "tunajua". "Nilijua" ni *ēidē*.

Hali timilifu na -me-

Mara nyingi hali timilifu huelezwa kuwa ni tendo lililokwisha kutendeka. Maelezo hayo hayatoshi kwa Kigiriki, wala kwa Kiswahili. Asemaye "mlinzi amesimama mlangoni" hasimulii jambo lililopita, bali anaeleza hali iliyopo. Ndivyo ilivyo kwa *hestēke*, "amesimama", na *tethnēke*, "amekufa". Mzungumzaji wa Kiswahili ana kipimo hiki tayari katika lugha yake.

Hata hivyo, *oida* isitafsiriwe "nimejua". Kwa Kiswahili, "nimejua" hudokeza kwamba jambo halikujulikana hapo kabla, na sasa limebainika. Maana hiyo hukaribiana zaidi na *egnōka*, hali timilifu ya *gignōskō*, "kutambua". *Oida* haitaji hatua ya kufikia ujuzi. Hutaja ujuzi uliopo. Tafsiri yake ni "najua".

Matumizi

Kikifuatwa na kitenzi-jina, kitenzi hiki humaanisha kujua namna ya kutenda: *oida legein*, "najua kusema", muundo ule ule wa Kiswahili. Kikifuatwa na umbo la kitenzi linalotumika kama kivumishi, humaanisha kujua kwamba jambo liko hivyo: *oida se legonta*, "najua kwamba unasema".

Neno la ukoo huu katika Kiswahili

Kutokana na mzizi huo lilipatikana neno *histōr*, "mjuzi", na kutoka hilo *historia*, "uchunguzi", neno ambalo Herodotus alilitumia katika karne ya 5 KK kuitaja kazi yake. Kwa kupitia lugha nyingine za Ulaya, neno hilo limeingia katika Kiswahili kuwa *historia*.