Kidonge Kilichoshindwa na Valvu

Damu inayotoka kwenye moyo kwenda mwilini hupita valvu ya aota, mlango wenye vipande vitatu vyembamba. Kadiri umri unavyosogea, kwa baadhi ya watu vipande hivyo hujaa kalsiamu, vikakakamaa na kubana njia. Mgonjwa anapoanza kubanwa kifua, kuishiwa pumzi au kuzirai, ugonjwa huwa umeshakomaa.

Watafiti walipozichunguza valvu hizo walikuta mafuta na uvimbe kama wa mishipa inayoziba. Statini, vidonge vya kushusha kolesteroli, vikaonekana ndiyo jibu. Tena kumbukumbu za wagonjwa zilidokeza kuwa waliokuwa wakivimeza, valvu zao zilibana polepole zaidi. Ushahidi mtamu kama huo ndio wa kuogopwa.

Huko Edinburgh, Uskoti, jaribio la SALTIRE liliwagawa wagonjwa 155 kwa bahati nasibu. Wengine walipewa atorvastatini miligramu 80 kila siku, wengine kidonge cha kufanana nacho kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hakujua anameza kipi, wala daktari wake. Kwa kipimo cha ECHO ilipimwa kasi ya damu ikipita kwenye valvu. Njia ikibana, damu huruka kwa nguvu kama maji ya mpira uliozibwa kwa kidole. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Kolesteroli mbaya ya waliomeza dawa ilikuwa takribani nusu ya ile ya wenzao, lakini kasi ya damu ilipanda karibu sawasawa katika makundi yote mawili. Mwaka 2008 jaribio la SEAS, lenye wagonjwa 1,873, nalo halikuiokoa valvu.

Watafiti wakaigeukia kalsiamu yenyewe, kwa dawa za mifupa iliyodhoofika: denosumabu na alendronati. Matokeo ya jaribio la SALTIRE II yalitoka 2021. Kalsiamu iliendelea kujikusanya vilevile.

Mafundi, kwa upande wao, hawakusubiri wanakemia. Mwaka 2002, huko Rouen, Ufaransa, daktari wa moyo Alain Cribier alimwekea mgonjwa valvu mpya kwa mrija uliopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua.

Aliyeandikiwa statini asiitupe, lakini. Katika SEAS hiyohiyo, waliomeza dawa walipatwa kwa uchache zaidi na matatizo ya mishipa ya moyo kuziba.