Wakulima Waliofika Bungeni (4): Bryceson wa Kilimanjaro

Mjadala wa ukomo wa wabunge wa viti maalumu umerudi magazetini, nami nimeona heri nimwongeze katika mfululizo huu Derek Bryceson, niliyemgusia tu tulipozungumzia Kura Tatu.

Alikuwa Mwingereza aliyezaliwa China, rubani wa vita aliyetunguliwa akiwa kijana, akabaki akitembea kwa mkongojo. Alisomea kilimo Cambridge, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaja kulima ngano Kilimanjaro. Walowezi wenzake waliona wokovu wao ni UTP, chama kilichobarikiwa na Gavana Twining. Yeye akaegemea TANU.

Hapa mnivumilie, maana Kura Tatu ni ugonjwa wangu. Mpiga kura alilazimika kuchagua watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akiacha mmoja, karatasi imeharibika. Na hakuandikishwa ila mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Kwa hiyo mkulima wa jembe la mkono, ambaye ndiye aliyekuwa Tanganyika yenyewe, alibaki nje akiangalia mwenye trekta akichaguliwa. Zuberi Mtemvu hakustahimili dharau hiyo, akajitoa TANU na kuanzisha chama chake. Simlaumu, ila Nyerere ndiye aliyeona mbali kwenye mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958: sheria ikitaka Mzungu, TANU ichague Mzungu wake. Kwa mlango huo Bryceson akaingia Baraza la Kutunga Sheria, yeye na akina Lady Chesham wa Iringa, na UTP ikafa kifo cha aibu. Mwaka 1959 akawa waziri.

Mtihani wenyewe ulikuja 1965. Viti vya rangi vilikwishafutwa, na TANU ilisimamisha wagombea wawili wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Bryceson aligombea Dar es Salaam dhidi ya Mwafrika, wapiga kura wengi wakiwa Waafrika, akashinda kwa kura nyingi. Alishika Wizara ya Kilimo, mwaka 1972 akakabidhiwa Hifadhi za Taifa, na akafariki 1980.

Nafasi imeniishia, na viti maalumu sijavigusa. Niseme moja tu: aliyebebwa mara ya kwanza hana aibu yoyote, aibu ni kung'ang'ania kubebwa. Wanaobishania ukomo waanzie kwenye matokeo ya 1965.